TUPIME MAJANI KABLA YA KUFUNGUA NGITILI



Leo tunazungumza habari za malisho. Kila mfugaji anajua kuhesabu ng'ombe wake. Akirudi jioni akakosa mmoja, hali chakula mpaka apatikane. Lakini chakula cha ng'ombe hao je? Ni nani kati yetu anayejua kuna kilo ngapi za majani katika malisho yake? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Majani nayo ni mali.

Ngitili ni nini?

Katika nchi ya Wasukuma, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Mifugo haiingii humo. Majani yanakua mpaka mvua ziishe. Kisha ngitili hufunguliwa wakati wa kiangazi kikali, malisho mengine yakiwa yamekwisha.

Desturi hii ni ya zamani. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1974 na 1975, ngitili nyingi ziliachwa. Miti ilikatwa, nyasi zikaisha, ardhi ya Shinyanga ikabaki wazi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI kwa kifupi. Wananchi wakafunga tena ngitili zao, na nyasi na miti vikarudi.

Kufunga, basi, tunakujua. Shida iko kwenye kufungua. Tunaingiza ng'ombe wote, tunatumaini mvua itawahi. Ikichelewa wiki tatu, jamani, ndipo tunaanza kuinua ng'ombe kwa kuwashika mkia. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua mifugo mingi sana huko Simanjiro na Longido. Ng'ombe aliyekonda haina haja kumpeleka mnadani, maana bei yake ni ya ngozi tu.

Jinsi ya kupima

Tupime mwezi wa Juni, mvua zikiwa zimekwisha na majani yameacha kukua. Vifaa ni vichache: fito nne za mita moja moja, mundu, gunia na mizani ya dukani.

1. Tufunge zile fito nne ziwe mraba. Kila upande uwe mita moja.

2. Tutembee ndani ya ngitili kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kila baada ya hatua 50 tulaze mraba wetu chini, pale pale mguu uliposimama. Tusichague mahali! Jicho hupenda penye majani mengi. Mraba ukiangukia penye kipara, tuupime hivyo hivyo, maana kipara nacho ni sehemu ya ngitili.

3. Tukate majani yote yaliyo ndani ya mraba, tukiacha kama vidole viwili kutoka ardhini. Tutupe miiba, mavi ya ng'ombe, na mimea ambayo ng'ombe hali.

4. Tufanye hivyo mara 10, na majani yote tuyatie katika gunia moja. Ngitili ikiwa kubwa, au majani yake yakitofautiana sana, tupime mara 20.

5. Tuyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Tupime leo, tupime tena kesho. Uzito ukiwa haupungui tena, yamekauka. Majani mabichi yana maji mengi, nayo maji hayashibishi.

Sasa tufanye hesabu

Haya, tuchukue kalamu. Tuseme majani makavu ya miraba 10 yana gramu 1,200. Tukigawa kwa 10, kila mraba una gramu 120. Ekari moja ina karibu mita za mraba 4,000. Kwa hiyo gramu za mraba mmoja tukizizidisha kwa 4, tunapata kilo za ekari moja:

120 × 4 = kilo 480 kwa ekari.

Ngitili yetu ni ekari 30:

480 × 30 = kilo 14,400.

Je, zote ni za kula? Hapana. Nusu tuiache. Nusu hiyo hufunika ardhi isichukuliwe na maji ya mvua, na huzipa nyasi nguvu ya kuchipua tena. Anayelisha mpaka kwenye mizizi anakula mbegu. Zinabaki kilo 7,200.

Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 hula kama kilo 6 za majani makavu kwa siku. Ndama wawili tuwahesabu kama ng'ombe mmoja. Mbuzi au kondoo 10 ni karibu sawa na ng'ombe mmoja. Tukiwa na ng'ombe 20:

20 × 6 = kilo 120 kwa siku.
7,200 ÷ 120 = siku 60.

Tukifungua tarehe 1 Septemba, majani yatakwisha tarehe 30 Oktoba. Je, mvua ikija mwisho wa Novemba? Hapo kuna mwezi mzima wa njaa. Lakini ng'ombe wakiwa 13, majani hayo hayo yanatosha mpaka mwisho wa Novemba.

Faida yake

Basi hao ng'ombe 7 tufanye nini? Sasa ni Juni, nasi tunayo nafasi ya kuamua. Tunaweza kuuza wachache wangali wanene, wale waliozeeka au wasiozaa. Tunaweza kukusanya mabua ya mahindi na mtama, na majani ya karanga, tukayahifadhi. Tunaweza kupatana na ndugu mwenye malisho ya ziada. Atakayesubiri mpaka Oktoba hana la kuamua tena, kiangazi kitamwamulia.

Tupime tena kabla ya kufungua, kwa sababu mchwa na upepo hupunguza majani. Na kabla ya kukata kila mraba, kila mtu akisie uzito wake. Wazee waliochunga miaka mingi wana macho mazuri, na mizani itayanoa zaidi. Vijana waandike. Kila mwaka tuandike daftarini tarehe, gramu, na siku majani yalipokwisha. Baada ya miaka michache daftari hilo litakuwa mzee mwingine wa kumwuliza shauri.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini tusichague mahali pa kulaza mraba?

2. Miraba 10 imetoa gramu 800 za majani makavu. Ngitili ni ekari 15, ng'ombe ni 10. Tukiacha nusu, majani yatatosha siku ngapi?

3. Katika kijiji chetu, ni nani aamue ngitili ya pamoja ifunguliwe lini, na kwa ng'ombe wangapi?

(Jibu la swali la 2: siku 40.)