Nyonga Iliyopinda na Maumivu ya Kiuno

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Sumbawanga na vijiji vyote vya Ufipa, sogeeni karibu na redio. Wekeni tayari uzi mrefu usiovutika, rula, penseli na vipande viwili vya karatasi.

Majira ya kulima, kila mtu wa huku hukijua kiuno chake. Kufukia majani katika vilima vya intumba kwa jembe la mkono ni kazi ya kuinama tangu asubuhi, na jioni mama yule yule hujitwika ndoo ya maji. Kiuno kikiuma wiki mbili, hakosi mtu wa kumwambia, "Mama, nyonga yako imepanda upande mmoja." Humlaza chali, hutazama visigino vyake, husema mguu wa kushoto ni mfupi. Hapo huanza kuvutwa, kukandwa na kufungwa mkanda, na kila mara fedha hutoka. Pengine hata mbuzi huuzwa. Basi tuulize: je, kipimo kile ni cha kuaminika?

Tupime wenyewe. Mwenzenu mmoja alale chali mkekani, miguu imenyooka. Mwanamke apimwe na mwanamke. Tafuteni kwa kidole mfupa unaochomoza mbele ya nyonga, pale mkanda wa suruali unapokaa. Ile ni ncha ya fupanyonga. Shikeni uzi hapo, mwuteremshe mpaka kwenye kifundo cha mguu, upande wa ndani. Upimeni kwa rula, andikeni sentimita. Fanyeni hivyo mguu wa pili. Kisha mtu mwingine, ambaye hakuiona karatasi ya kwanza, apime upya na kuandika kwenye karatasi yake. Tunawangoja.

(Muziki kidogo.)

Haya, linganisheni karatasi. Msigombane zikitofautiana. Ncha ya mfupa si ncha ya msumari. Ni pana, tena imefunikwa na nyama, na kidole huteleza. Hata wataalamu hupatwa na jambo hili. Mwaka 1985 huko Marekani, Potter na Rothstein waliwapa wataalamu wa viungo wagonjwa wale wale wawapime nyonga. Katika vipimo vingi hawakupatana.

Tena kuna jambo la pili. Mwaka 2008 Preece na wenzake walichapisha habari za mafupanyonga 30 ya watu waliokwisha kufa. Waliona kwamba umbo la upande wa kushoto na wa kulia laweza kutofautiana katika mtu mmoja. Basi mfupa wako waweza kuonekana umepanda, kumbe ndivyo ulivyoumbwa.

Na la tatu ndilo kubwa. Mwaka 1999 Pamela Levangie wa Marekani aliwapima nyonga watu 144 wenye maumivu ya kiuno, na wengine 138 wasio nayo. Hakuona uhusiano wa maana kati ya nyonga kutolingana na kuumwa. Kwa hiyo anayekuonyesha kwamba nyonga yako si sawa hajakuonyesha bado kwa nini unaumwa.

Simsemi mtu ambaye mguu wake ulivunjika ukaunga vibaya, hata akawa anachechemea. Huyo anayo sababu ya kuonwa hospitali, na huenda akafaidika na kiatu kilichoinuliwa soli.

Sisi wengine tufanyeje? Usilale kitandani siku nyingi. Tembea, fanya kazi nyepesi, ongeza kidogo kidogo. Maumivu mengi ya kiuno hupungua katika wiki chache. Kwa maumivu yanayodumu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023: linashauri mazoezi na mafunzo, hata kukandwa laweza kufaa, lakini mikanda ya kiuno na kuvutwa halivishauri.

Ila sikilizeni vizuri hapa. Miguu ikifa ganzi au ikikosa nguvu, mkojo ukizuia au ukitoka wenyewe, nenda hospitali siku ile ile. Ukiwa na homa, jasho la usiku na kukonda, usikawie kwenda kupimwa, kwa maana kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo. Hapo uzi na rula havina kazi.

Karatasi zenu zitunzeni. Juma lijalo tutajifunza kutafuta wastani, na tutazitumia namba hizo hizo. Kwa herini.