Kilima kilicho nyuma ya mbuzi: hotuba kwa wazazi na waalimu wa Lushebere

 

Wengi wameniuliza juu ya filamu ya katuni ambayo wanafunzi wa shule mbili wanaitengeneza pamoja, na kwa nini kazi imesimama. Nitaeleza.

Katuni ni picha nyingi zinazopita haraka mbele ya macho. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Sisi kila hatua tunaipiga mara mbili, basi hatua 12 zinatosha. Hata hivyo, kwa dakika moja ni hatua 720. Mbuzi aliyepotea, na watoto wawili wanaomtafuta, wamekatwa katika karatasi ngumu. Wanafunzi wanawasukuma kidogo kidogo, na simu iliyofungwa juu ya kibao inapiga. Lakini kilima, njia, nyumba na ukungu vinachorwa mara moja tu, na karatasi ile inakaa chini yao muda wote. Mtazamaji anamfuata mbuzi. Kilima anakiamini bila kuuliza. Ndiyo maana kilima kimetuletea maneno.

Tulichanganya vikundi. Wale waliokimbia kutoka upande wa Walikale walichora msitu mpaka juu ya karatasi, hata mbingu haikupata nafasi. Wa hapa walicheka: mbuzi atapita wapi? Hilo liliisha upesi, filamu itaanza msituni na kuishia huku penye vilima. Kilima hakikuisha. Mwanafunzi mmoja alichora ua na ng'ombe. Mwenzake akafuta, akaweka maharagwe, migomba na nyumba. Wa kwanza naye akafuta. Karatasi ikatoboka.

Hapa hakuna asiyejua maana yake. Masisi ni nchi ya maziwa na jibini, tena ni nchi ya maharagwe na viazi, na kilima ni kimoja. Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda kati ya 1937 na 1955, na malisho makubwa yakakatwa. Sisemi hayo kwa kumwita mtu mgeni. Wajukuu wamezaliwa hapa. Mwaka 1993 vita vilianzia Ntoto, Walikale, vikafika huku, na wengi waliorudi walimkuta mwingine analima mahali pao. Watoto hawakuyaona hayo. Wameyasikia jikoni.

Hapo mimi nilikosa. Niliwaambia tuchore kilima cha kubuni, kisicho cha mtu. Msichana mmoja akanijibu: "Basi hata mbuzi si wetu." Nilinyamaza. Nilikumbuka kwamba Kibushi Ndjate Wooto, Mkongomani mwenzetu, alipotengeneza mwaka 1992 katuni juu ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, alitumia michoro ya watoto. Hakuwatafutia mji mwingine.

Basi tulitoka. Tulikaa ng'ambo ya bonde asubuhi nzima, kila mmoja na karatasi yake, na sharti likawa moja: chora unachokiona, usichore ulichoambiwa. Waliona mikaliptusi, mabati mawili, ng'ombe, maharagwe, na kijana akishuka na chukudu iliyojaa viazi. Waliona pia msingi wa nyumba ambayo haipo tena. Hakuna aliyesema ilikuwa ya nani. Wote waliuchora.

Mahali pamoja tu hawakupatana, pale mstari wa mpaka unapopita. Pale pamebaki penseli bila rangi.

Kisha baba mmoja alikuja kwangu na hasira. Alisema mchoro huu kesho utakuwa shahidi mbele ya hakimu. Sikumcheka, na ninyi msimcheke. Mtu aliyepoteza shamba ana haki ya kuogopa karatasi. Kwa hiyo hatuandiki jina la mtu wala la kilima, miti ya mpaka hatuichori, na filamu haitaonyeshwa kabla wazazi wa pande zote hawajaiona. Kambi za askari na vizuizi vya barabarani hatuvichori kabisa. Mtoto akikamatwa na mchoro wa namna hiyo mfukoni, ataulizwa maswali ambayo mimi sitakuwapo kuyajibu. Waalimu, hilo nawaombeni mlikague kila jioni, hata kama ni kuchosha.

Jumamosi baada ya salongo, karatasi kubwa ya kilima itakuwa mezani darasani, kabla hatujaipaka rangi. Njoni na penseli, msije na kalamu ya wino. Wazee tunawahitaji zaidi, hasa wanaokumbuka chemchemi ilipita wapi kabla ya 1993. Wanafunzi wameiweka upande wa kushoto wa njia, na mpaka jana jioni walikuwa bado wanabishana.