Mwaka wa Shule na Wajibu wa Wazazi

Hotuba kwa wazazi wa Kiislamu wa Iyolwa



 Nimetakiwa niwaeleze habari za masomo ya sekondari, na mambo yaliyo mbele ya watoto wetu katika mwaka wa shule. Naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa mambo yamegeuka, na wazazi wengi hawajapata habari.

Zamani mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ndio uliokuwa kila kitu. Mtoto aliyekosa masomo kwa ajili ya palizi ya mpunga, au kwa kumsaidia mama yake siku ya soko, aliweza kujikaza miezi ya mwisho, akasoma usiku na mchana, akafaulu. Mlango huo sasa umekuwa mwembamba sana. Mwaka 2020 shule za sekondari za Uganda zilianza kufuata mtaala mpya. Mwaka 2024 wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wao wa kidato cha nne, na Februari 2025 matokeo yakatolewa kwa herufi, A mpaka E. Katika kila alama 100, alama 80 ni za mtihani, na 20 ni za kazi anazozifanya mwanafunzi shuleni, ambazo walimu huziandika na kuzipeleka kwa Baraza la Mitihani la Taifa. Tena iko kazi ya mradi, ambayo kila mwanafunzi hana budi kuifanya. Asiyekuwa na alama hizo aweza kukosa cheti, hata kama ameujibu mtihani vizuri.

Basi fahamuni, enyi wazazi, kwamba mtoto akizuiwa nyumbani kwa sababu ya shamba au duka, yako yanayompita ambayo hatayapata tena mwisho wa mwaka. Kila muhula una hesabu yake.

Sasa nitaje nyakati zenyewe. Muhula wa kwanza huanza Februari. Ndio wakati wa kuwapeleka kidato cha kwanza watoto waliomaliza shule ya msingi, na ndio wakati ambao matokeo ya kidato cha nne hutazamiwa. Katika miaka hii Ramadhani nayo imeangukia muhula huo. Yatupasa kuwaandalia watoto daku mapema, wapate kulala na kuamka na nguvu, wala saumu isifanywe kisingizio cha kukosa darasa. Muhula wa pili huanza karibu na mwisho wa Mei, na wa tatu Septemba. Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Oktoba na Novemba, na ule wa kidato cha sita hufuata. Lakini majina ya watahiniwa huandikishwa miezi mingi kabla. Mzazi anayengoja mpaka mavuno ya mwisho ndipo atafute fedha ya kumwandikisha mtoto, atakuta daftari limekwisha fungwa.

Liko na jambo la kutufurahisha. Katika mtaala huu Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Hapa mpakani, ambapo biashara ya Busia na Malaba haiendi bila Kiswahili, watoto wetu wana mtaji tayari. Wahimizwe waisome lugha hiyo kwa ufasaha, wasitosheke na ile ya sokoni.

Ndugu zangu, yako pia ya kuhuzunisha. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa zote mpaka Januari 2022. Katika muda huo wako wasichana walioolewa na waliozaa, na wako wavulana walioshika pikipiki. Bodaboda ni kazi ya halali, na jina lake lenyewe lilizaliwa hapa kwetu mpakani Busia. Lakini kijana wa miaka kumi na mitano anayeacha kidato cha pili kwa ajili ya fedha ya leo, anauza mbegu aliyowekewa kupanda. Na msichana aliyezaa asihukumiwe kuwa amekwisha. Mlango wa shule uko wazi kwake, na aliye na haki ya kumshika mkono arudi ni mzazi wake.

Tusisahau ya kuwa wazee wetu walihangaika sana kwa ajili ya elimu. Marehemu Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, aliyefariki mwaka 1991, alitumia mali na heshima yake ili watoto wa Kiislamu wa Uganda wapate shule. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale, jirani yetu. Chuo hicho kiko karibu nasi kwa njia ya gari, lakini kiko mbali mno kwa mtoto asiye na cheti.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwanza, kila mzazi aende shuleni walau mara moja kila muhula, amwulize mwalimu juu ya kazi za mtoto wake na mahudhurio yake. Pili, tangu mwaka 2007 Serikali hulipa karo katika shule zilizo katika mpango wa sekondari kwa wote, lakini chakula, sare na madaftari ni juu yetu. Basi na tuweke akiba ndogo ndogo tangu mavuno ya kwanza. Tatu, jumuiya yetu iwatazame mayatima na watoto wa wajane kabla ya siku za kuandikishwa, wala si baada yake.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu elimu yenye manufaa, nasi atujalie tuwe wazazi wenye kutimiza amana. Amin.