Ufunguo Huu ni wa Nani? Kupeana na Kuhakiki Funguo za Umma katika Baruapepe



Nimeombwa nieleze namna ya kupeana funguo za umma na kuziingiza kwenye programu ya baruapepe. Nitatumia Thunderbird, ambayo ni ya bure na tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina OpenPGP, mfumo wa kusimba barua, ndani yake.

Kila mtumiaji ana funguo mbili. Wa umma humpa yeyote, naye huutumia kufunga barua anazomwandikia. Wa siri hubaki nao mwenyewe, na ndio unaofungua. Kuutuma wa umma ni kazi ndogo: ukiandika barua unachagua kuambatisha ufunguo wako, mwenzako anapata faili yenye kiishio .asc, programu yake inaitambua na kumwonyesha kitufe cha kuuingiza. Anabofya, kwisha.

Lakini ufunguo huo umepita kwenye baruapepe, njia ile ile tunayoihofia. Anayeweza kuzichezea barua zenu njiani anaweza pia kuuzuia ufunguo wa mwenzako, akakuletea wake wenye jina na anwani ya mwenzako. Jina hilo si ushahidi. Huandikwa na aliyetengeneza ufunguo. Mwaka 2016 kwenye seva za funguo, ambako watu huweka funguo zao za umma, zilikutwa funguo bandia zenye jina la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na hata kitambulisho kifupi cha herufi nane kilifanana na cha ufunguo wake halisi.

Kwa hiyo linganisheni alama ya kidole ya ufunguo, yaani mfuatano unaoutambulisha, nzima: herufi na tarakimu 40, makundi kumi ya nne nne. Mpigie mwenzako kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si iliyoandikwa chini ya barua hiyo hiyo. Mmoja asome, mwingine afuatishe kwenye skrini. Inachosha, hasa simu ikikatika kundi la saba, lakini msiishie njiani. Januari 2013 Edward Snowden, aliyevujisha siri za ujasusi wa Marekani, kabla ya kumwamini mtengenezaji filamu Laura Poitras na siri hizo, alitaka uhakika wa ufunguo wa Poitras. Mtaalamu wa usalama wa kompyuta Micah Lee akaitangaza alama ya kidole ya ufunguo huo hadharani kwenye Twitter, njia tofauti kabisa na baruapepe.

Thunderbird ikikuuliza kama unaukubali ufunguo, kuna jibu la ndiyo ila sijauhakiki, na la ndiyo, nimeuhakiki mwenyewe. Ni rahisi kuchagua la pili ili tu dirisha liondoke. Chagueni la kwanza bila aibu. Barua itasimbwa vile vile, na mtakumbuka kwamba kuna simu hamjapiga.

Anayetuma naye aangalie anachotuma. Septemba 2017 kitengo cha usalama cha Adobe kilibandika hadharani ufunguo wake wa siri pamoja na wa umma. Fungua faili kwanza: mstari wowote ukiwa na neno PRIVATE, usiitume.

La mwisho ni muda. Funguo zinazotengenezwa na Thunderbird huisha baada ya miaka mitatu usipochagua vingine. Ukiongeza muda, tuma upya ufunguo wa umma, maana nakala waliyonayo wenzako bado ina tarehe ya zamani. Alama ya kidole haitabadilika. Ikibadilika, huo ni ufunguo mwingine, na simu ipigwe upya.