Faini ya Mwendo Kasi na Fomu ya Bima



Katika fomu ya kuombea bima ya gari aghalabu limo swali moja fupi ambalo wengi hulipita kama msafiri apitaye kibao cha njiani usiku. Swali hilo huuliza kama mwombaji, au mtu mwingine yeyote atakayeliendesha gari, amepata kutiwa hatiani kwa kosa la usalama barabarani katika miaka kadhaa iliyopita. Nafasi iliyoachwa kwa ajili ya jibu haizidi upana wa vidole viwili. Wengi huandika "Hapana". Wengine hawaandiki lolote; wakala huwaandikia, nao hutia sahihi pale palipowekwa alama ya kalamu.

Mwenye gari ana utetezi wake. Mwendo kasi si wizi, husema. Hakumgonga mtu. Alikuwa akienda kilomita 68 kwa saa mahali ambapo mwisho ni 50, akanaswa na kile ambacho wananchi wamekiita tochi, akalipa faini, na shauri likaisha. Kwa nini basi kampuni ya bima ielezwe jambo ambalo serikali yenyewe imekwisha kulifunga? Hoja hii ina uzito wake, wala haifai kudharauliwa. Lakini imesimama juu ya dhana moja isiyo sahihi, yaani kwamba swali la kampuni ni adhabu ya pili. Kampuni haiadhibu mtu. Inatafuta bei.

Bima ni mfuko wa watu wengi. Kila mmoja hutia kidogo ili yule atakayefikwa na ajali achotewe kingi. Kiasi ambacho kila mmoja atatia hupimwa kwa kutazama uwezekano wake wa kuja kuchota. Yule aendaye taratibu na yule aliyekwisha kutozwa faini mara tatu kwa mwendo kasi hawalingani mbele ya mfuko huo. Na huyu wa pili akinyamaza, sehemu ya mzigo wake hubebwa na yule wa kwanza pasipo yeye kujua. Kampuni nayo haimfahamu mwombaji. Haikupata kumwona akiteremka Kitonga. Mnadani mnunuzi humkagua ng'ombe meno na kwato kabla ya kutoa fedha yake. Katika bima kinachopaswa kukaguliwa ni mwenendo wa mnunuzi mwenyewe, na mwenye kuujua ni yeye peke yake.

Msingi huu wa uaminifu una historia ndefu. Mwaka 1766 Jaji Mkuu wa Uingereza, Lord Mansfield, aliamua shauri la George Carter, gavana wa ngome ya Fort Marlborough katika kisiwa cha Sumatra. Carter alikuwa ameikatia ngome hiyo bima dhidi ya kutekwa na adui wa kigeni, na Wafaransa waliiteka mwaka 1760. Aliyeitoa bima alikataa kulipa, akidai kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome. Jaji alieleza kwamba katika mkataba wa bima hakuna upande unaoruhusiwa kuficha jambo ambalo unalijua wenyewe tu, ili kuuvuta upande wa pili katika makubaliano. Hayo ndiyo maneno ambayo kampuni za bima hupenda kuyakumbusha. Lisilokumbushwa sana ni kwamba katika shauri lile aliyeshinda ni gavana. Kwa maana mtoaji wa bima, aliyekuwa London, angeweza kuyajua mengi ya yale aliyodai kufichwa, na kama aliona yanamhusu alipaswa kuuliza. Tangu mwanzo, basi, wajibu huo ulikuwa wa pande mbili.

Sheria hiyo itokanayo na hukumu za majaji wa Kiingereza ilipokewa Tanganyika tangu mwaka 1920, na ndiyo iliyoendelea kuwa msingi wa mambo mengi ya bima nchini. Kwa hiyo hukumu za mahakama za mbali si hadithi za kigeni tu kwa mwenye gari wa Morogoro au Tabora. Zinamhusu.

Hukumu moja hasa yafaa isimuliwe. Ni ya mwaka 1935, katika shauri la Mackay dhidi ya kampuni iliyomkatia bima. Mackay alijibu katika fomu kwamba hajapata kutiwa hatiani. Ukweli ni kwamba alikuwa amewahi kutozwa shilingi 10 kwa kuendesha pikipiki ambayo breki zake hazikuwa sawasawa. Shilingi 10 tu! Jaji Swift aliona kwamba kampuni haikupotoshwa hata kidogo na jibu hilo. Lakini katika fomu ile mlikuwa na sentensi iliyosema kwamba majibu ya mwombaji ndiyo msingi wa mkataba. Kwa nguvu ya sentensi hiyo, uzito wa kosa haukuulizwa tena. Ilitosha kwamba jibu si la kweli. Jaji alisema waziwazi kwamba anamsikitikia Mackay na kwamba ametendewa vibaya sana, kisha akaipa kampuni ushindi. Hapana shaka kwamba hukumu hiyo ni chungu. Na kwa kuwa ni chungu, kila mwenye kutia sahihi yafaa aitafute kwanza sentensi ya namna hiyo katika fomu yake. Mara nyingi hukaa chini kabisa, kwa herufi ndogo, jirani na mahali pa sahihi.

Kuna wanaojifariji kwamba fomu iliandikwa na wakala, na kwamba wakala aliijua faini ile, tena alicheka na kusema, "Hiyo achana nayo." Faraja hiyo ni dhaifu. Mwaka 1929 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la ndugu Newsholme, wenye mabasi. Wakala wa kampuni aliambiwa ukweli, akaandika uongo, na wenye mabasi wakatia sahihi. Mahakama ilisema kwamba wakala alipokuwa akiijaza fomu ile alikuwa mkono wa wenye mabasi, si wa kampuni. Na mtu anayetia sahihi karatasi amekubali yaliyomo. Wakala hupata ujira wake siku bima inapokatwa. Siku ya ajali, huenda hata namba yake ya simu haipatikani.

Achukuliwe sasa, kwa mfano, mwalimu aliyenunua gari la shilingi milioni 12 kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Chama kilidai bima kubwa, naye akaikata. Mwaka wa kwanza alijibu "Hapana", na lilikuwa jibu la kweli. Katikati ya mwaka alifikishwa mbele ya hakimu kwa mwendo kasi, akatiwa hatiani, akalipa. Mwaka ulipokwisha alituma fedha kwa simu, akaletewa stika mpya, na shughuli yote haikuzidi dakika tano. Hakuna aliyemuuliza kitu, naye hakusema kitu.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Bima ya gari hukatwa kwa mwaka, na kuihuisha ni kufunga mkataba mpya. Kwa kawaida mwenye gari hawajibiki kukimbilia ofisi ya bima siku ile ile anapotiwa hatiani, isipokuwa kama hati yake inamtaka afanye hivyo. Lakini siku ya kuhuisha, wajibu wa kusema huzaliwa upya. Jibu lililokuwa la kweli mwaka jana limekwisha kuwa uongo mwaka huu, ingawa hakuna herufi hata moja iliyobadilishwa.

Gari la mwalimu huyo likipinduka, kampuni inaweza kuchunguza. Kumbukumbu za makosa ya barabarani hazikai tena katika daftari la kituo kimoja. Siku hizi faini hutazamwa mtandaoni kwa namba ya gari. Ikithibitika kwamba jambo la maana lilifichwa, kampuni inaweza kudai kwamba mkataba haukuwa na nguvu tangu mwanzo. Gari limekwenda. Makato ya mkopo katika mshahara hayakwenda nalo. Yataendelea kila mwezi mpaka deni liishe. Na alichokiokoa kwa kunyamaza huenda kilikuwa nyongeza ndogo ya ada, au kupandishwa kwa kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe. Na huenda hakikuwa kitu chochote, kwa sababu si kila kampuni hupandisha bei kwa faini moja.

Lakini mwalimu huyo ana mshahara, ana wenzake watakaomchangia. Yuko mtu mwingine ambaye hakutia sahihi fomu yoyote. Ni yule mama aliyekuwa akivuka barabara na beseni la samaki kichwani, au mtoto wa darasa la pili aliyekuwa akitoka shuleni. Sheria ya bima ya magari, ambayo nchini Tanzania ni Sura ya 169, iliwekwa kwa ajili ya watu hao hasa, ndiyo maana gari haliruhusiwi kutembea bila bima ya mtu wa tatu. Hata hivyo uficho wa mwenye gari unaweza kuwafikia. Nchini Kenya, kwa mfano, Sura ya 405 huipa kampuni nafasi ya kwenda mahakamani, kabla ya kufunguliwa kwa kesi ya majeruhi au ndani ya miezi mitatu baada ya hapo, na kuomba itamkwe kwamba hati ilipatikana kwa kuficha jambo la maana. Ikitamkwa hivyo, kampuni haidaiwi hukumu ya majeruhi. Anabaki kudaiwa mwenye gari, na mtu hawezi kulipa kwa mali asiyokuwa nayo. Uingereza iliiziba njia hiyo mwaka 2019: kampuni haiwezi tena kungoja ajali itokee ndipo iende kuomba tamko la namna hiyo.

Si hilo tu lililobadilika huko. Kwa sheria ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Aprili 2013, mteja wa kawaida wa Uingereza hatakiwi tena kubahatisha ni mambo gani kampuni ingependa kuyajua. Kampuni lazima iulize, na mteja anatakiwa awe na uangalifu wa kutosha katika kujibu. Aliyedanganya makusudi anaweza kukosa vyote. Aliyekosea kwa uzembe hupunguziwa tu: kama alilipa pauni 400 na kwa haki angelipa 500, basi hasara ya pauni 5,000 hulipwa 4,000. Ile sentensi iliyomwangusha Mackay nayo imeondolewa nguvu. Huu ni uamuzi wa busara, nao unastahili kutazamwa na watunga sheria wa Afrika Mashariki. Lakini ni sheria ya Bunge la Uingereza. Haikuvuka bahari yenyewe, na hakuna mwenye gari wa Tanzania anayeweza kuishika mkononi mbele ya hakimu na kusema inamlinda.

Lawama, hata hivyo, haziwezi kuachwa zote mlangoni kwa mwenye gari. Zipo kampuni ambazo siku ya kupokea fedha haziulizi hata jina la pili la mteja, na siku ya kudaiwa huwa na maswali kama hakimu wa wilaya. Kampuni inayotaka kujua habari za faini na iulize kwa Kiswahili kinachoeleweka, itaje miaka, na iseme wazi kama inamaanisha hukumu ya mahakama tu au pia faini inayolipwa kwa hati ya askari bila kufika kwa hakimu. Jambo hili la mwisho huwatatiza wengi. Aliyelipa kwa hati anaweza kuona kwa haki kabisa kwamba hajatiwa hatiani na mtu yeyote. Pale ambapo maneno ya fomu hayako wazi, njia salama ni kuieleza faini yenyewe kwa tarehe na kiasi, na kuiachia kampuni iamue. Tena ikumbukwe kwamba tochi huishika namba ya gari, ilhali fomu humuuliza mtu. Ikiwa shemeji ndiye aliyekuwa akiendesha siku ile, na ndiye atakayeendelea kuendesha, basi ni habari zake zinazotakiwa. Na kama fomu imeuliza miaka mitano tu, kosa la mwaka wa saba halikuulizwa.

Kuarifu kwenyewe si kazi kubwa. Barua ya mistari mitano yatosha: namba ya gari, namba ya hati ya bima, jina la dereva, kosa, tarehe na kiasi cha faini. Ipelekwe kabla ya kulipia mwaka mpya, wala si baada yake, na ipelekwe kwa kampuni yenyewe hata kama wakala amekwisha kuambiwa kwa mdomo. Iandikwe nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na ihifadhiwe nyumbani pamoja na kadi ya gari. Kwa kuwa mgogoro ukitokea, na mwenye gari akaenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au mahakamani, ataulizwa alisema nini, alimwambia nani, na lini.