Mtoto Mchanga Kati ya Baba na Mama



Akina baba wengi hudhani kwamba mtoto asiyejua kusema ni wa mama tu, na kwamba zamu yao itafika atakapotembea. Huko Lausanne, katika nchi ya Uswisi, mabibi wawili wataalamu, Elisabeth Fivaz-Depeursinge na Antoinette Corboz-Warnery, walilichungua jambo hilo, na mwaka 1999 walitoa kitabu juu yake.

Mtoto aliketishwa kitini, wazazi wote wawili wakimwelekea. Kwanza mmoja alicheza naye, mwenzake akitazama kimya, kisha wakabadilishana, kisha wakacheza naye wote pamoja, mwisho wazazi wakazungumza wao kwa wao.

Ilionekana kwamba mtoto wa miezi 3 au 4 tu, akicheka na mama, huweza kugeuza macho akampelekea baba kicheko kile kile. Akichukizwa, hufanya vivyo hivyo. Basi baba aketiye pembeni, akingoja mtoto ajue kusema, pengine amekwisha kuitwa mara nyingi.

Hata wazazi wanapozungumza, mtoto huwafuata kwa macho, mara huyu mara yule. Na wakizidi kumsahau, huenda akapiga kelele, jambo ambalo kila mama alilijua kabla ya wataalamu.