Sumukuvu, Ini na Ghala la Nyumbani

(Mazungumzo ya elimu ya afya kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Gairo)



Ini ndilo kiungo kinachochuja na kupunguza makali ya sumu iingiayo mwilini kwa chakula. Kwa sababu hiyo, ndilo huumizwa kwanza.

Ndani ya kila chembehai ya ini zimo jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini. Chembehai hunakili agizo, hukata vipande visivyohitajika na kuunganisha vinavyobaki, mfano wa fundi cherehani ambaye kitambaa kimoja hukitoa shati au gauni kwa kadiri ya mkato. Hivyo jeni moja huweza kutoa protini zaidi ya moja. Wanasayansi wamebaini kwamba katika saratani ya ini mkato huo huvurugika, zikatokea protini zinazochochea chembehai kuzaliana bila kikomo.

Jeni zenyewe nazo huharibiwa. Mharibifu mmojawapo ni sumukuvu, itokanayo na kuvu waotao kwenye mahindi na karanga. Sumu hiyo huharibu jeni iitwayo p53, mlinzi azuiaye chembehai mbovu zisiongezeke. Mwenye virusi vya homa ya ini B akiila, hatari yake huwa kubwa zaidi.

Jambo hili haliko mbali na Gairo. Mwaka 2016, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 kati yao walifariki. Hao walipatwa na sumu nyingi kwa muda mfupi. Sumu kidogo iliwayo miaka mingi haionyeshi dalili mapema, nayo ndiyo huleta saratani.

Kupika ugali hakuiondoi. Kinga huanzia shambani: mahindi yavunwe kwa wakati, yaanikwe juu ya turubai au chanja, wala si juu ya udongo, na yahifadhiwe yakiwa makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5. Punje zenye ukungu zitengwe. Zisipelekwe kwenye pombe wala kwa kuku. Ni vigumu kutupa debe la mahindi chakula kinapopungua, lakini ini halina akiba ghalani.

Watoto nao wapelekwe kliniki wakiwa na wiki 6, 10 na 14, wapate chanjo inayokinga homa ya ini B.